Mtumishi anathamini nini katika kazi yake? Namna ya kuuliza na kupima



Mwaka mmoja, siku chache mbele ya Noeli, katika parokia nilimotumika wakati ule, tuliwaita watumishi wote wa misioni: mpishi, mfua nguo, waashi, walinzi wa usiku, mwalimu wa kushona na wakatekista wa kituo kikubwa. Kila mmoja alipewa mchele, chumvi, sabuni, na kikwembe kwa ajili ya bibi yake. Watu wakapiga makofi, wakashukuru, wakaenda zao. Sisi mapadri tukajiona mabwana wema.

Jioni ile ile mlinzi mmoja mzee akaja kuniona peke yake. Akasema: «Padri, mmetupa vizuri, na tumeshukuru. Lakini kama mngalituuliza, tungaliomba neno lingine. Tungaliomba kujua siku ya mshahara.» Nikastaajabu, kwani mshahara tuliutoa kila mwezi bila kukosa: mara tarehe 3, mara tarehe 12, mara tarehe 20, kadiri feza ilivyofika. Kwetu sisi ulikuwa ni udhia mdogo. Ndipo mzee akanieleza hesabu yake. Yeye hukopa unga na mafuta dukani. Mtu anayeweza kutaja siku ya kulipa hukopeshwa kwa bei ya kila mtu. Asiyeweza kuitaja huongezewa bei, ama hufukuzwa mlangoni. «Franka ni zile zile, Padri, lakini mkononi mwangu zinanunua vitu vichache zaidi.»

Neno lile halikunitoka moyoni. Tulikuwa tumetumia feza kwa kitu ambacho watu hawakukiomba, na kile walichokihitaji kingaliweza kutolewa bure kabisa: kalenda tu, na uaminifu kidogo. Hatukukosa mapendo. Tulikosa kuuliza.

Basi leo nataka kueleza jambo moja tu: namna gani mkubwa wa kazi anaweza kujua kweli watumishi wake wanathamini nini katika kazi yao, bila kubahatisha na bila kujidanganya. Msidhani ya kuwa ni jambo la wenye viwanda peke yao. Mseminari wa leo atakuwa paroko kesho. Na paroko, apende asipende, ni bwana wa kazi. Ana mpishi, walinzi, waashi, wakatekista; mara nyingi ana pia shule na nyumba ya wagonjwa chini ya mkono wake.

I. WAKUBWA HUKOSA KATIKA KUBAHATISHA

Mwaka 1946 huko Marekani wafanyakazi wa viwanda walipewa orodha ya mambo 10, wakaombwa kuyapanga: lipi la kwanza, lipi la pili, mpaka la 10. Ndani yake kulikuwa mshahara mzuri, kutofukuzwa ovyo, kupandishwa cheo, kazi yenye kupendeza, kushukuriwa kwa kazi iliyofanyika vema, kujulishwa mambo ya kazi, kusaidiwa katika shida za nyumbani, na mengine. Kisha wakubwa wao wakapewa orodha ile ile, wakaulizwa: «Mnadhani watu wenu watapanga namna gani?»

Wakubwa waliweka mshahara kwanza. Wafanyakazi waliuweka fasi ya tano. Fasi ya kwanza waliweka kushukuriwa kwa kazi yao. Ya pili kujulishwa mambo. Ya tatu kusaidiwa katika shida zao. Na mambo yale matatu wakubwa waliyatupa mwisho kabisa, fasi ya nane, ya kumi na ya tisa. Wakubwa wale waliishi pamoja na watu wao kila siku, lakini hawakuwajua.

Lakini msisimame hapo, kwani wengi husimama hapo na kupata hasara. Orodha ile ilitolewa tena miaka ya 1980, na safari hii majibu yaligawanywa kadiri ya umri na kadiri ya mapato. Ikaonekana ya kuwa wenye mshahara mdogo, na vijana walio chini ya miaka 30, waliweka mshahara mbele ya yote. Maana yake ni wazi: mtu huanza kuthamini sifa na heshima akiisha kupata chakula cha watoto wake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mtu akikuambia ya kuwa «wafanyakazi hawajali feza», mwulize kwanza: wafanyakazi gani, na wanalipwa kiasi gani?

II. WENGINE WALIULIZA NAMNA GANI?

Tuangalie sasa njia mbili zilizotumika zamani, kusudi tuchote mafundisho yake.

Njia ya kwanza ni kuacha mtu aseme. Karibu na mji wa Chicago palikuwa na kiwanda kikubwa cha Western Electric, kilichoitwa Hawthorne. Tangu 1924 wataalamu walipima pale kama mwanga mwingi unazidisha kazi. Walipoona mwanga hauelezi yote, wakaanza kuzungumza na watu wenyewe. Tangu 1928 mpaka 1930 waliwasikiliza watu zaidi ya 20,000. Mwanzoni walikuwa na maulizo yaliyopangwa kabla: juu ya mkubwa wako, juu ya joto, juu ya chakula. Lakini watu walikuwa wakiacha ulizo na kusema mambo yao wenyewe. Basi wasikilizaji wakageuza njia: wakaacha kuuliza sana, wakamwachia mtu aseme linalomkaa moyoni. Ndipo walipoanza kusikia habari ambazo hakuna mwenye orodha angaliziwaza.

Njia ya pili ni kuomba hadithi ya kweli. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu juu ya wahandisi na wahasibu kama 200 wa upande wa Pittsburgh. Hawakuwauliza: «Unapenda nini?» Waliwaambia: «Nieleze siku moja ulipofurahi sana katika kazi yako. Ilitokea nini? Nieleze tena siku moja ulipochukizwa sana.» Hadithi za furaha zilisimulia zaidi habari za kutimiza kazi ngumu, za kusifiwa, za kupewa madaraka. Hadithi za chuki zilisimulia zaidi amri mbaya za kampuni, wakubwa wasiojua kuongoza, na mishahara. Herzberg akafundisha ya kuwa yanayomfurahisha mtu na yanayomchukiza si kitu kimoja kilichogeuzwa: ukiondoa uchungu hujaleta bado furaha.

Wengine walimpinga, na walikuwa na neno. Walisema: ni desturi ya mwanadamu kujisifu kwa mazuri na kuwashtaki wengine kwa mabaya. Akifaulu, ni nguvu zake. Akishindwa, ni kosa la mkubwa. Kwa hiyo hadithi yatupasa tuisikilize vizuri, lakini haitoshi peke yake.

III. MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni adabu. Paroko akimwuliza mpishi wake: «Je, unapenda kazi yako?», mpishi atajibu nini? «Ndiyo, Padri.» Jibu hili si uwongo, wala si ukweli, ni heshima. Anayeuliza ndiye anayelipa, na anayelipa anaweza kufukuza. Ulizo linalojibiwa «ndiyo» na kila mtu halikupima kitu. Ni kama mizani ambayo sindano yake haitikisiki.

Mtego wa pili ni huu: mtu husahau kutaja kile asichokikosa. Mwulize mwalimu anayelipwa vizuri kila mwezi. Hatataja mshahara, atalalamika juu ya vitabu. Je, mshahara hauna thamani kwake? Uondoe miezi miwili, utaona. Vivyo hivyo mtu mwenye kisima uani hataji maji katika sala zake. Kwa hiyo yapasa kutenga maulizo mawili ambayo wengi huyachanganya: «Jambo hili lina uzito gani kwako?» na «Jambo hili unalo kiasi gani sasa?» Ulizo la kwanza lapima thamani. La pili lapima kutosheka. Anayeuliza moja tu na kudhani amejibiwa yote mawili atakosea dawa.

Mtego wa tatu ni orodha ya watu wengine. Orodha ya Marekani ilitungwa kwa watu wa Marekani. Tuangalie hapa Gety, katika Walendu-Bindi, teritwari ya Irumu. Tangu vita vya 1999 watu wa upande huu wamekimbia makwao si mara moja wala mbili. Mwaka 2006 mapigano yalifika hapa penyewe, na wakimbizi wakajaa. Tarehe 28 Februari 2020 Serikali na wapiganaji wa FRPI walitia sahihi mapatano. Mwezi wa Mei 2021 Ituri yote ikawekwa chini ya utawala wa askari. Mtu aliyepita katika mambo hayo huthamini vitu visivyoandikwa katika orodha ya kiwanda. Anathamini kusafiri salama mpaka Bunia kupokea feza yake na kurudi nayo. Anathamini kuambiwa mapema kama njia ya Bogoro ni mbaya leo. Anathamini kujua ya kuwa akikimbia na watoto wake, atakuta fasi yake ya kazi siku ya kurudi. Ukimletea orodha isiyo na mambo haya, atakupangia ile uliyomletea, naye atabaki na lake moyoni.

IV. NAMNA YA KUPIMA KATIKA PAROKIA

Sasa nieleze kazi yenyewe. Haihitaji mashine. Yahitaji siku tatu au nne, karatasi, maharagi, na mtu mwenye masikio.

1. Mtafute mwulizaji anayefaa. Asiwe paroko, wala ekonomo, wala kapita wa kazi. Awe mtu wa nje anayeaminika na kujua lugha ya watu: mwalimu wa parokia ya jirani, au sista asiyelipa mtu hapa. Hapa kwetu ajue Kingiti pamoja na Kiswahili, kwani mtu husema uchungu wake kwa lugha ya mama yake.

2. Sikiliza mbele ya kupima. Mwulizaji amwombe kila mtu hadithi mbili, ya siku nzuri na ya siku mbaya kazini. Katika hadithi hizo atachota mambo sita au saba yanayorudi mara nyingi. Hayo ndiyo yatakuwa orodha, kwa maneno ya watu wenyewe. Tuseme yametokea haya sita: mshahara wa kutosha, mshahara kufika siku yake, usalama, kushukuriwa, kujulishwa mambo, kujifunza kazi zaidi.

3. Linganisha mawili mawili. Ukimwambia mtu: «Panga haya yote sita», atachoka, naye atapanga ovyo yale ya katikati. Lakini kila mtu anajua kuchagua katika mawili. Ndiyo njia waliyoitumia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota: walikuwa na mambo 20, wakayaweka mawili mawili mpaka kila moja limekutana na kila lingine. Hiyo hufanya mara 190, kazi ndefu kwa mtu wa shamba. Sisi tukiwa na mambo sita, tutapata mara 15 tu. Mwulizaji aseme: «Kama ungeweza kupata moja tu katika haya mawili, ungechagua lipi: mshahara uongezwe kidogo, au ufike siku yake?» Aandike jibu. Kisha mawili mengine, mpaka 15 zimekwisha.

Hesabu ni rahisi. Kila jambo limekutana na mengine matano. Kwa hiyo kwa mtu mmoja haliwezi kupata zaidi ya alama 5, na alama zote pamoja ni 15. Kama watumishi ni 12, jambo moja linaweza kupata mpaka 60, na jumla ya yote itakuwa 180. Isipotimia 180, mwandishi amekosa fasi fulani, arudie hesabu.

Njia hii ina faida nyingine. Kama mtu amechagua usalama mbele ya mshahara, na mshahara mbele ya kushukuriwa, halafu akachagua kushukuriwa mbele ya usalama, amezunguka. Pengine amechoka, pengine hakuelewa ulizo, pengine mambo yale matatu yana uzito mmoja kwake. Usimkemee. Mwulize tena polepole siku nyingine.

4. Pima uzito kwa maharagi. Kulinganisha mawili mawili kunaonyesha nani yuko mbele, lakini hakuonyeshi yuko mbele kwa hatua ngapi. Basi chora duara sita chini, kila moja kwa jambo lake, na picha ndogo kwa asiyesoma. Mpe mtu mbegu 20 za maharagi, umwambie: «Zigawe kadiri ya uzito wa kila jambo.» Mmoja ataweka 10 juu ya mshahara na kugawa zilizobaki, mwingine atazitawanya karibu sawasawa. Wote wawili waliweka mshahara mbele, lakini hawana njaa moja.

5. Uliza sasa ulizo la pili. Kwa kila duara: «Jambo hili unalo sasa kiasi gani: halipo, lipo kidogo, au linatosha?» Andika kando. Kisha soma majibu mawili pamoja. Jambo lenye uzito mwingi na lisilokuwapo ndilo la kuanza nalo. Jambo lenye uzito mwingi na linalotosha ulilinde, usiliguse kwa sababu ya kusaza feza. Jambo lenye uzito mdogo na linalotosha usiliongeze. Hapo ndipo zilipopotea feza za mchele wetu wa Noeli.

6. Funika majina. Karatasi zisiandikwe jina. Tena usitengeneze makundi madogo sana. Ukisema: «Mwanamke mmoja anayetumika jikoni alijibu hivi», umekwisha kumtaja. Lakini usichanganye wote pia mpaka sauti ya wachache ipotee: walinzi wa usiku hawana shida moja na walimu. Kundi likiwa na watu watano au zaidi, lisomwe peke yake. Likiwa dogo kuliko hapo, lichanganywe na wengine.

7. Rudisha majibu. Baada ya majuma mawili, waite watu, wasomee yaliyotokea, uwaambie: «Hili tutalifanya. Hili hatuwezi mwaka huu, na sababu ni hii.» Mkubwa anayeuliza na kunyamaza afadhali asingaliuliza. Mara ya pili atajibiwa kwa adabu tu.

V. MFANO WA KONGO YETU

Mtu anaweza kusema: «Haya yote ya nini? Mlipe mtu kwa kila kazi anayofanya, naye atatumika vizuri.» Nchi yetu ilijaribu neno hili katika Haut-Katanga, tangu 2010 mpaka 2012. Nyumba za wagonjwa ziligawanywa makundi mawili kwa kura. Katika kundi moja feza ilifuata hesabu ya huduma zilizotolewa: akina mama waliozalishwa, watoto waliochanjwa, na kadhalika. Katika kundi la pili feza ilitolewa bila kufuata hesabu hiyo. Wachunguzi wakalinganisha.

Ilionekana nini? Waliolipwa kwa hesabu walijitahidi zaidi kuvuta watu. Lakini wagonjwa hawakuongezeka kwa sababu hiyo. Na mpango ulipokwisha, feza ile ilipoondolewa, waliokuwa wakilipwa kwa hesabu walirudi nyuma kuliko wenzao, kwani ile hamu ya kutumika kwa ajili ya kazi yenyewe ilikuwa imepungua. Kumbe waganga wale walikuwa na kitu moyoni ambacho hakuna aliyekuwa amekipima kwanza, na namna ya kulipa ilikigusa bila kujua.

Hii haina maana ya kuwa waganga walipwe kidogo. Waganga na wauguzi wengi wa Kongo wametumika miaka mingi bila mshahara wa Serikali, wakiishi kwa sehemu ya feza za wagonjwa tu. Maana yake ni kwamba kiasi cha feza ni jambo moja, na namna ya kuitoa ni jambo la pili. Yote mawili husema neno kwa mtumishi. Namna moja humwambia: «Tunakuamini.» Nyingine humwambia: «Tunakuhesabia vidole.»

Tuangalie na walimu wetu. Tangu mapatano ya 1977 shule nyingi za Serikali zinaongozwa na Kanisa. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu. Septemba 2019 masomo ya shule za msingi yakawa bure, na mchango wa wazazi ukaondolewa. Ilikuwa furaha kubwa kwa watoto wa maskini. Lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa bado katika orodha ya Serikali alipoteza hata kile kidogo. Ukimwuliza mwalimu wa namna hii anathamini nini, usishangae asipotaja heshima wala vitabu. Atataja karatasi moja: ile yenye jina lake na namba yake. Kwake karatasi ile ni mshahara, ni usalama, ni heshima, vyote pamoja. Orodha ya kigeni ingalimgawanya mtu huyu vipande vitatu. Yeye ni mmoja.

VI. ULIZO MOJA GUMU

Nabakiza neno ninaloliogopa zaidi. Naliogopa kwa sababu linatuhusu sisi mapadri.

Tuseme umepima vizuri. Maharagi yamehesabiwa, na watumishi wa parokia wameweka kushukuriwa na kujulishwa mbele ya mshahara. Moyo wa paroko mwenye sanduku tupu utasemaje? Utasema: «Deo gratias! Watu wangu hawataki feza, wanataka maneno matamu.» Atakuwa amegeuza kipimo kuwa kisingizio.

Je, mtumishi akichagua shukrani mbele ya mshahara, amemwondolea mkubwa deni lake? Jibu: hapana, hata kidogo. Mshahara wa haki hautegemei kura. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 ya kuwa kuna haki ya asili iliyo juu ya mapatano ya bwana na mtumishi: mshahara usipungue kile kinachomwezesha mtu mtaratibu kuishi. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1286, yawaagiza wanaosimamia mali ya Kanisa kufuata sheria za nchi juu ya kazi, na kuwalipa watumishi mshahara wa haki unaowatosha wao na watu wao. Kwetu sheria hiyo ya nchi ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mtume Yakobo naye alikwisha kuandika juu ya mishahara iliyozuiliwa, jinsi inavyopiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Hakusema ya kuwa kelele hizo zitanyamazishwa kwa shukrani.

Tena mkatekista anapoweka shukrani mbele, huenda amekata tamaa tu. Miaka mingi hakuona mshahara ukiongezwa. Ameacha kuutamani, akachagua kile anachodhani mnaweza kumpa. Kipimo kinaonyesha matakwa ya mtu kadiri alivyofundishwa kutaka. Kwa hiyo tusome hesabu ya maharagi pamoja na bei ya muhogo sokoni, na pamoja na idadi ya watoto nyumbani mwake.

Basi kupima kunafaa nini, kama haki iko juu yake? Kunafaa sana. Haki yatuambia kiasi ambacho hatuwezi kushuka chini yake. Kipimo chatuambia jinsi ya kutoa, lipi lianze, lipi lingoje, na wapi tunamwumiza mtu bila kujua. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 ya kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Kama ndivyo, yatupasa kumwuliza mtu huyo. Asiyeulizwa huhesabiwa kama jembe.

Nirudi kwa mzee wetu. Mwezi uliofuata tulikaa na ekonomo, tukatenga feza ya mwezi mmoja mbele, kusudi mshahara usingojee tena feza itokayo mbali. Ilitugharimu miezi kadhaa ya kujibana. Tuliacha kupaka rangi nyumba yetu. Kisha tukabandika karatasi mlangoni mwa ofisi: mishahara hutolewa tarehe 5, ikiwa Dominika, siku moja mbele. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini majuma machache baadaye mzee alinipita njiani, amebeba chupa ya mafuta. Akaiinua kidogo, akasema tu: «Bei ya kila mtu, Padri.»

Ninyi mnaojitayarisha kuwa mapadri mmefundishwa kuuliza dhamiri za watu katika kitubio. Jifunzeni pia kuwauliza habari za mikono yao. Na mtakapouliza, muwe tayari kulipa bei ya jibu.

Gety. Padri mmoja wa Jimbo la Bunia.